Mkaguzi wa Milango

Nimepewa orodha ya milango arobaini na mmoja,
kalamu ya manispaa isiyofutika,
na gundi.
Porto imeamka na manyunyu,
mawe ya mtaa yanateleza kama sabuni,
nami napanda nikihesabu visanduku vya funguo:
vinne kwenye reli, viwili kwenye bomba la gesi,
kimoja kimening'inizwa shingoni mwa mtakatifu wa udongo
aliyewekwa pale kuwalinda wenye nyumba.

Wenye nyumba wako wapi?

Ukitaka kujua, tazama kamba za nguo.
Zamani kamba zilisema: hapa pana kichanga,
hapa pana fundi rangi, hapa mtu kaachwa.
Sasa ni shuka nyeupe, shuka nyeupe, shuka nyeupe,
kama karatasi za mtihani ambazo hakuna aliyejibu.
Duka la mikate linatunza mizigo, kwa saa.
Shule imeunganisha darasa la pili na la tatu,
ubao mmoja, mstari wa chaki katikati.
Na mzee Zeferino alipokufa
tulitafuta wabebaji wanne wa jeneza
tukapata watatu, na kijana wa Kidenmaki
aliyekuwa akiulizia mgahawa.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Wa kwetu haifiki ya tatu,
na shamba limeota magugu.

Binti yangu Benedita alizaliwa mtaa huu.
Kodi ilipopanda mara ya tatu akahamia Valongo;
mjukuu namwona Jumapili, kama misa.
Kwa hiyo msidhani mkono ulinitetemeka
nilipokuwa nakoroga gundi.

Ghorofa ya pili, kushoto: Deolinda Sarmento,
miaka sabini na minne, chumba kimoja,
kitanda cha marehemu dada yake.
Kafungua kabla sijabisha.
Mezani pana daftari, na ndani ya daftari majina:
mpiga fidla wa Gdansk, mapacha wa Busan,
bwana wa Lyon aliyelia usiku kucha,
naye akampelekea supu, asimuulize kitu.
"Kibali kimekwisha, najua," anasema.
"Kusoma najua. Kaa kwanza."

Anamimina kahawa, ananipakia mkate jemu ya tini.
"Hicho kifungu chenu cha kumi na mbili,
kinajua bei ya dawa ya presha?
Kinajua paa langu linavuja upande gani?"
Kifungu hakijui. Mimi najua:
nyuma yangu tone linadondoka sufuriani,
na kila likidondoka
anasita, kama anayekatizwa na mtu mzima.

Nimeandika tarehe. Siku thelathini.
Nimebandika karatasi chini kidogo,
asilazimike kuinua shingo.

Ghorofa ya tatu, ya nne, ya tano:
milango sita, kampuni moja, kengele hazina majina.
Hapa karatasi imenitangulia,
nene, ina mhuri, ina saini ya wakili:
zuio la mahakama, usibandike chochote.
Nimesimama na brashi inayochuruzika.
Sheria ilipanda ngazi hizi pamoja nami,
ikachoka ghorofa ya pili.

Nitaandika nini kwenye ripoti?
Kwamba sheria ni njema? Ni njema.
Niliipigia kura kwa mkono huu huu.
Kwamba wavu ulitegwa kwa papa
na nimerudi na dagaa mmoja,
mwenye daftari, mwenye tini?
Fomu ina mistari miwili tu ya "Maoni".

Nashuka. Mlangoni pana vijana wawili waliolowa,
sanduku kubwa lenye magurudumu, simu imezima.
"Samahani, namba ya kisanduku unaijua?"
Naijua. Nazijua zote.

Ni alfajiri bado. Juu ya vichwa vyetu
Deolinda labda karudi kitandani.
Sijawaambia kitu. Nimelinyanyua sanduku lao
nikalipakata kama mtoto mzito,
magurudumu yasiguse jiwe,
nikaanza tena kupanda.